HEWA NA VIJIDUDU VIONDOAVYO NAITROJENI KATIKA MAJI

Mkulima wa Kasulu na Kibondo, yatazame maji yatokayo zizini wakati wa mvua. Huteremka kilimani mpaka bondeni penye mafunjo, kisha huingia katika vijito viendavyo mto Malagarasi. Maji hayo yamechukua naitrojeni, chakula kikuu cha mahindi. Shambani ni mali. Kisimani ni hatari, hasa kwa mtoto mchanga alishwaye maziwa ya unga.

Katika udongo na maji mna vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vya namna ya kwanza hupenda hewa: kwa oksijeni hugeuza naitrojeni ya mkojo na samadi kuwa chumvi iitwayo naitreti. Mtaalamu Sergei Winogradsky alivitenga mwaka 1890. Vya namna ya pili, oksijeni ikiisha, huichukua ile iliyomo ndani ya naitreti, na naitrojeni huruka angani.

Katika mitambo ya kusafishia maji machafu, namna ya kwanza hupewa oksijeni kadiri ya miligramu 2 kwa kila lita. Namna ya pili hufanya kazi vema isipofika nusu miligramu.

Basi kazi moja huleta faida mahali pamoja na hasara mahali pengine. Maji yakituama shambani, hewa hutoka katika udongo, naitrojeni hupotea, na mahindi huwa ya manjano. Lakini katika matope ya mafunjo upotevu huo ni msaada, kwa kuwa maji huondolewa naitreti kabla ya kufika mtoni. Mafunjo yenyewe hupeleka hewa kidogo mizizini. Hivyo namna zote mbili hukaa jirani na kusaidiana.

Yafaa kukumbuka haya:

1. Lima kwa matuta na uchimbe mifereji, ili maji yasituame shambani.
2. Funika lundo la samadi kwa nyasi au majani ya migomba, lisinyeshewe.
3. Usilime mpaka ukingoni mwa kijito. Acha ukanda wa mafunjo, wala usiuchome.
4. Choo na zizi viwe chini ya kisima, mbali naye kwa mita 30 au zaidi.
5. Kuchemsha maji huua vijidudu vya maradhi, bali hakuondoi naitreti. Kwa hiyo kilinde kisima tangu mwanzo.