Kidole Gumba cha Mpiga Kinanda



Vijana wanaojifunza kinanda wameniuliza kwa nini skeli zao hukatika katikati, hali noti zote wanazijua. Nimewatazama wakipiga. Shida haiko masikioni. Iko kwenye kidole gumba.

Tuanze na hesabu. Kidole gumba ni 1, cha shahada 2, cha kati 3, cha pete 4, cha mwisho 5. Lakini angalieni: katika vitabu vingine vya zamani vya Uingereza kidole gumba huandikwa kwa alama ya msalaba, na cha shahada ndicho 1. Mimi nilianza peke yangu na kitabu cha namna hiyo, maelezo sikuyasoma (mwalimu mzima!), nikazoea vidole vya makosa miaka miwili. Kuviacha kulinichukua miaka minne.

Sasa pigeni skeli ya C kwa mkono wa kulia. Do re mi ni 1 2 3. Kidole 3 kingali kimeshika mi, kidole gumba kipite chini ya kiganja kikaingojee fa. Fa so la ti do ni 1 2 3 4 5. Kiwiko kisiruke. Mkono wa kushoto hupanda 5 4 3 2 1, kisha kidole 3 huvuka juu ya gumba: 3 2 1.

Msiikariri hesabu hiyo kwa kila skeli. Katika skeli ya F, fa iko kwenye kibonyezo cheusi, na kidole gumba ni kifupi, hakifai huko. Kwa hiyo mkono wa kulia hupiga 1 2 3 4, ndipo gumba kishike so.

Arpejio, yaani do mi so do moja moja, ni 1 2 3, kisha gumba tena ikiwa mnaendelea kupanda. Nafasi ni pana. Mkono mzima usogee.

Msione haya kwa ugumu huu. Carl Philipp Emanuel Bach aliandika mwaka 1753 kwamba baba yake, Johann Sebastian, ujanani aliwasikia wapigaji mashuhuri ambao kidole gumba hawakukitumia ila kwa kutanua mkono sana.

Piano ina pedali ya kusitiri kosa. Kinanda cha kukanyaga hakina: ukiinua kidole, sauti imekwisha, na waimbaji husita pamoja nawe.

Pigeni polepole, mkono mmoja mmoja, dakika kumi kabla ya kugusa wimbo wowote. Jumamosi baada ya kwaya nitakuwepo kanisani. Njooni na penseli.