Kasuku si wa wiki moja

SWALI: Daktari, watoto wangu wanataka kasuku wa kijivu anayeongea. Tunaishi kwenye fleti Nairobi na mchana hakuna mtu nyumbani. Nimnunue?

JIBU: Kwa ratiba hiyo, mama, ningesubiri. Kasuku wa kijivu huishi miaka 40 au zaidi, na huhitaji mtu wa kushinda naye. Akiachwa mpweke hupiga kelele na kujinyonyoa manyoya hadi kifua kibaki ngozi tupu. Tena si wote wanaojifunza kuongea.

Hali ikibadilika, anzia kwenye sheria. Tangu 2017 CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, umempa ulinzi wa juu kabisa, na nchini Kenya huwezi kumfuga bila kibali cha Shirika la Wanyamapori (KWS). Anayekuuzia barabarani bila karatasi, mpite.

Kisha andaa tundu pana la chuma analoweza kukunjulia mabawa, vijiti vya unene tofauti, na mbao za kutafuna. Mpe mboga za majani, karoti na matunda. Mbegu ziwe kidogo. Parachichi na chokoleti ni sumu kwake. Tundu lisikae jikoni: kikaango kisichogandisha chakula kikiungua, mvuke wake humuua haraka.