Chupa za Marehemu Baba

*Mheshimiwa mshauri, baba yetu alifariki mwaka jana hapa Ankoro bila kuacha wasia. Katika kabati la vioo kuna chupa ambazo hazijafunguliwa tangu tukiwa watoto: wiski tatu, konyaki, mvinyo wa porto, jini ya Kibelgiji ndani ya mtungi wa udongo, na kinywaji cha wiski na krimu. Mimi ni mtoto wa kwanza, nami nimeokoka. Mchungaji anataka nizimwage mtoni kabla ya kuondoa matanga. Baba mkubwa anasema ni haki yake, azinywe na wazee wenzake. Mdogo wangu aliye Lubumbashi anasema nimpelekee akaziuze, eti pombe ya zamani ni utajiri. Mama hajasema neno. Nifanye nini?*
*Mtoto wa Kwanza, Ankoro*

Ndugu Mtoto wa Kwanza, pole kwa msiba. Watu watatu wamekuambia la kufanya na chupa hizo, na hakuna hata mmoja aliyeuliza ni za nani. Sheria ya Familia ya Kongo ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inawapa watoto wote wa marehemu, wa kike kwa wa kiume, robo tatu ya urithi. Robo inayobaki ni ya mjane, wazazi wa marehemu wakiwa hai, na ndugu zake. Mama pia ana matumizi ya nyumba waliyokaa pamoja na samani zake, kwa hiyo kabati lenyewe lisihamishwe na mtu. Wewe, kwa kuwa ni mkubwa wa warithi, umeangukiwa na kazi ya kusimamia mgawo, na kazi hiyo ni ya kutoa hesabu. Haikufanyi mwenye mali. Ukimwaga peke yako, umemwaga vya mama na vya wadogo zako. Ukimkabidhi baba mkubwa zote, umempa mtu mmoja mwenye kipande cha ile robo hata kile kilicho cha watoto.

Mchungaji atasema dhambi haisubiri mgawo, na ataweza kukukumbusha Matendo ya Mitume sura ya 19, Waefeso walipochoma vitabu vya uganga vyenye thamani ya vipande 50,000 vya fedha. Mfano ni mzuri, ila usomwe mpaka mwisho: walileta vitabu vyao wenyewe, na bei yake ikahesabiwa. Hakuna aliyeingia kwa jirani kuchukua vya kuchoma. Imani yako ina amri juu ya fungu lako. Likatae mbele ya wote, au likishawekwa mkononi mwako limwage. Kama hutaki hata kuzigusa chupa hizo, jitoe kwenye usimamizi na warithi wamchague mwingine. Sheria inaruhusu, na hakuna atakayesema umewadhulumu.

Hoja ya mdogo wako ndiyo inayovutia zaidi, tena ndiyo dhaifu zaidi. Ni kweli kwamba Novemba 2023 chupa moja ya wiski ya Macallan ya mwaka 1926 iliuzwa London kwa zaidi ya pauni milioni mbili. Lakini pipa ilimotoka lilitoa chupa 40 tu. Wiski za kawaida za dukani zilitengenezwa kwa mamilioni, na kukaa kabatini hakuzipandishi daraja, kwa kuwa pombe kali hukomaa ndani ya pipa. Ikishaingia kwenye kioo imesimama pale pale. Ongeza safari ya mashua kupanda Lualaba hadi Bukama, kisha treni hadi Lubumbashi, halafu mnunuzi atakayeuliza ushahidi kwamba ni halisi. Nauli itakula bei.

Kuna swali ambalo nyote mmeliruka: je, zinanyweka? Ziinue moja moja mbele ya taa. Wiski au konyaki yenye kilevi cha asilimia 40 haiozi, lakini chini ya bati lenye joto kizibo hukauka na kinywaji kikapungua kidogo kidogo. Kikiwa kimeshuka chini ya bega la chupa, au vipande vya kizibo vinaelea ndani, ladha imekwenda. Porto huenda bado ni nzuri, ila ikifunguliwa imalizwe mapema. Cha krimu kitupwe bila mjadala, maana hutengenezwa kidumu miaka miwili hivi. Kizibo kikionekana kimechezewa, au lebo imebandikwa upya, chupa hiyo isinywewe na mtu yeyote. Nchini Kenya mwezi Mei 2014 pombe iliyochanganywa na methanoli iliua makumi ya watu na kuwapofusha wengine. Methanoli huwezi kuijua kwa pua, na ule mtindo wa kuwasha kijiko kwa kiberiti hauthibitishi lolote. Wala usiwapelekee zahanati wasafishie mikono, kwani kazi hiyo inataka kilevi cha asilimia 60 au zaidi.

Baba mkubwa hatapenda kusikia habari za robo. Hata hivyo heshima yake kwenye ukoo haifutwi na sheria, nayo ina mahali pake: siku ya kuondoa matanga. Zamani za Wabelgiji Mwafrika wa kawaida alikatazwa pombe kali, hivyo si ajabu kwamba wazee waliziweka chupa za kigeni mahali pa kuonekana na wageni. Kwa maoni yangu huo ndio utajiri wote uliomo kabatini, na anayeujua vizuri ni mama. Kwa hiyo kabla ya siku hiyo andika orodha, mwite mama, baba mkubwa na wadogo zako wote, dada zako wakiwemo, na mama aseme wa kwanza. Wakikubaliana kuzifungua siku ya matanga, zile zilizo salama azimimine baba mkubwa, nawe ukae na soda yako. Mdogo wako wa Lubumbashi apigiwe simu kikao kikiwa kinaendelea. Akishikilia kwamba anataka chupa yake ya kuuza, itengwe kwa jina lake, aje aichukue kwa nauli yake.