Hisabu ya 10,631 na Mwandamo wa Mwezi

Kila zikaribiapo siku za Idi maneno huzidi katika miji yetu ya pwani. Nyumba moja huwa na aliyefunga na aliyekwisha kula: huyu ashika khabari ya mwezi kuonekana, yule ashika kalenda ya ukutani. Basi darasa hii tumeona tuichambue hisabu moja ambayo wanazuoni wa falaki waliijengea kalenda yao, nayo ni 10,631.

Miezi sita ya siku 30 na sita ya siku 29 hufanya siku 354. Lakini baina ya mwandamo na mwandamo, kwa wastani, ni siku 29, saa 12, dakika 44 na sekunde chache. Zikusanye dakika 44 hizo kwa miezi 360, yaani miaka 30, utapata saa 264, nazo ni siku 11 kamili. Ndipo wakaongeza siku moja moja katika miaka 11 ya kila miaka 30. Zidisha 354 kwa 30, ongeza 11: ni 10,631. Zile sekunde zilizoachwa hazifanyi siku nzima ila baada ya miaka kama 2,500.

Hisabu hii ni namba tasa. Haigawanyiki ila kwa moja na kwa nafsi yake. Ukiigawa kwa 7 husalia 5, kwa hivyo kila miaka 30 siku za juma husogea tano, wala hazirudi mahali pake ila ipite mizunguko saba, ndiyo miaka 210, siku 74,417. Jirani zetu hapa Gedi pana kaburi lililochorwa mwaka 802 wa Hijra (1399). Kwa hisabu hii mosi Mfungo Nne wa mwaka ule ilikuwa Jumatano. Ongeza 210 mara tatu, utafika 1432, na mosi yake ikawa Jumatano vile vile, tarehe 8 Desemba 2010.

Wako watakaoona hapa siri ya kuandikia hirizi. Hapana siri, ni kuzidisha na kugawa tu, na mtoto wa chuoni aweza.

Lakini angalieni neno “wastani”. Mwezi wenyewe mara huharakisha, mara hukawia kwa saa kadhaa, na kalenda hii haijui. Yaweza kukosana na mwandamo kwa siku moja, hata mbili. Yafaa kwa tarehe za hati na deni, na kwa kujua jioni ya kwenda ufuoni kuangalia. Ama kufunga na kufungua, Mtume (s.a.w.) ametuamuru kwa kuuona mwezi, na ukifichwa na mawingu tutimize thelathini. Mwenye kula Idi kwa karatasi peke yake ameuacha mwezi akafuata wastani.

Darasa ijayo, inshallah, tutaieleza Nairuzi, mwaka wa mabaharia wa siku 365.