Mhimili wa Kwanza na Jina Lake: Uchanganuzi wa Vijenzi Vikuu na Data za Same na Milima ya Upare

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kujadili mbinu moja ya takwimu ambayo sasa inaonekana katika tasnifu nyingi za isimu, nayo ni uchanganuzi wa vijenzi vikuu. Mbinu hii haikuzaliwa katika taaluma yetu. Karl Pearson aliieleza mwaka 1901 kama tatizo la jiometri, yaani namna ya kupata mstari au bapa linalokaribia zaidi kundi la nukta. Harold Hotelling aliiendeleza mwaka 1933 katika jarida la saikolojia ya elimu, akitumia alama za wanafunzi katika majaribio ya kusoma na ya hesabu. Tangu hapo imechukuliwa na wachumi, wanaikolojia, wataalamu wa jenetikia na, kwa kuchelewa kidogo, wanaisimu.

Hoja yetu ni kwamba hesabu ya mbinu hii husafiri kutoka taaluma hadi taaluma bila kubadilika, ilhali jina analopewa mhimili unaopatikana halisafiri nayo. Mashine hutoa mhimili. Haisemi kama mhimili huo ni “akili”, “utajiri”, “asili” au “umbali wa lahaja”. Jina hutolewa na mtafiti, na kutoa jina ni kazi ya kisemantiki ambayo mwanaisimu hana udhuru wa kuikwepa. Tumechagua Same na Milima ya Upare kwa sababu eneo hilo, ingawa si kubwa, lina mifano ya lugha na ya historia ambayo hulifanya suala hili lionekane wazi kuliko lionekanavyo katika vitabu vya takwimu.

2.0 Hesabu yenyewe

Tuanze na jedwali. Kila safu mlalo ni kitu kinachochunguzwa: lahaja, kaya au mtu. Kila safu wima ni kigeu, yaani sifa moja iliyopimwa. Jedwali lenye safu wima mia moja lina pande mia moja, na hakuna karatasi iwezayo kulichora. Mbinu hii hutafuta mwelekeo mmoja ambao data zote zikitazamwa kwa kuufuata huonekana zimetawanyika kuliko katika mwelekeo mwingine wowote. Huo ndio kijenzi cha kwanza. Kisha hutafutwa mwelekeo wa pili, ulio pembe mraba na wa kwanza, unaobeba sehemu kubwa kabisa ya mtawanyiko uliosalia; na kadhalika.

Chukua vigeu viwili vilivyosawazishwa, kila kimoja kikiwa na mtawanyiko wa 1. Ikiwa kipimo cha uhusiano wao ni 0.8, kijenzi cha kwanza hupata mtawanyiko wa 1.8 na cha pili 0.2. Jumla ni 2, hivyo cha kwanza kinabeba asilimia 90. Msomaji anaweza kuchora mhimili mmoja tu na asipoteze mengi. Hii ndiyo faida ya mbinu, na ni faida ya kweli.

Sasa tuangalie upande wa pili. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, tuna vigeu viwili visivyohusiana kabisa: kimoja ni istilahi za kilimo cha migomba, kingine istilahi za ufugaji. Kila kimoja kinabeba nusu ya mtawanyiko, na hakuna mwelekeo mkuu. Mtafiti, kwa kuwa alianzia kazi yake milimani, anaongeza safu wima nyingine mbili za migomba zinazosema jambo lile lile kabisa. Mara moja mgawanyo unakuwa 3 kwa 1: kijenzi cha kwanza kinabeba asilimia 75, cha pili asilimia 25. Hakuna kilichobadilika Upare. Kilichobadilika ni dodoso. Safu wima hupiga kura, na mwenye kuziandika ndiye mwenye kuandikisha wapiga kura.

3.0 Lugha za Upare

Lugha kuu ya milima hii ni Chasu, ambayo baadhi ya wasemaji huitamka Chathu. Guthrie aliiweka katika kundi G20 pamoja na Kitaveta, Kisambaa na Kibondei. Lakini katika sehemu ya kaskazini, Ugweno, ambayo leo imo katika Wilaya ya Mwanga, kuna lugha nyingine: Kigweno, ambacho Guthrie alikipanga katika E60 pamoja na lahaja za Kichaga. Kwa hiyo mpaka baina ya makundi mawili ya Kibantu unapita ndani ya milima ile ile, kati ya watu waliooana, waliouziana chuma na waliotawaliwa pamoja kwa muda mrefu. Kimambo (1969) ameonyesha nafasi ya Ugweno katika historia ya kisiasa ya Wapare. Philippson na Nurse (2000) wameeleza lugha yenyewe, na wameonyesha kuwa imepokea mengi kutoka Chasu.

Mtafiti akiandaa jedwali la Chasu cha Kaskazini, Chasu cha Kusini, Kigweno, Kitaveta na lahaja kadhaa za Kichaga, akaandika 1 palipo na umbo fulani na 0 pasipo nalo, atapata nini? Jibu linategemea maumbo aliyoyachagua. Msamiati wa msingi na mabadiliko ya sauti hukisukuma Kigweno upande wa Kichaga. Msamiati wa soko, utawala na mambo ya kila siku yaliyopokewa kwa jirani hukivuta upande wa Chasu. Mtafiti wa kwanza atauita mhimili wake “nasaba”. Wa pili, akiwa na programu ile ile ya kompyuta, atapata mhimili unaostahili kuitwa “ujirani”. Hatari inakuja pale wa pili anapouita “nasaba” kwa sababu ndivyo ulivyoitwa katika makala aliyoyasoma.

Mfano ulio mkali zaidi ni wa Wambugu. Watu hawa wanaishi Usambara, lakini mapokeo yao yanataja kukaa Upare Kusini kabla ya hapo. Lugha yao, ambayo wenyewe huiita Kimaa, imewasumbua waainishaji kwa muda mrefu. Greenberg (1963) aliiweka katika Kikushi cha Kusini. Thomason na Kaufman (1988) waliitumia kama kielelezo cha lugha ambayo wasemaji wake wamechukua sarufi ya Kibantu huku wakishikilia msamiati wao. Mous (2003) anaonyesha kuwa jamii hiyo hiyo ina aina mbili za usemi zenye sarufi moja: moja yenye msamiati wa Kibantu ulio karibu na Chasu, na nyingine yenye msamiati ambao kwa sehemu kubwa umetoka katika Kikushi, Kimaasai na kwingineko. Viambishi vya ngeli na vya upatanisho ni vile vile katika zote mbili.

Ingiza aina hizo mbili katika jedwali la msamiati: zitakaa mbali mbali, na aina ya pili itasimama peke yake ukingoni mwa mchoro. Ziingize katika jedwali la viambishi: zitaangukia nukta moja, jirani na Chasu. Wasemaji ni wale wale, pengine mtu yule yule, katika mazungumzo yale yale. Hapa hakuna kosa la hesabu wala upungufu wa data wa kulaumiwa. Swali “Kimaa kiko wapi?” halikuulizwa kikamilifu mpaka tuseme kiko wapi kwa kigezo gani.

Jambo jingine linahitaji kutajwa, hasa kwa wanaotafiti lahaja za Upare Kusini. Vijiji vilivyopangana kando ya mgongo wa mlima, kila kimoja kikifanana zaidi na jirani yake kuliko na cha mbali, hutoa mchoro wenye umbo la upinde: kijenzi cha kwanza huvipanga kwa mfuatano wao, na cha pili hutenganisha vya katikati na vya ncha zote mbili. Mtu mwenye hamu ya historia atasema kijenzi cha pili kinaonyesha wimbi la wahamiaji lililoingia katikati. Wataalamu wa jenetikia walikwisha pita njia hiyo. Ramani za Menozzi, Piazza na Cavalli-Sforza (1978) zilifasiriwa kama alama za uhamiaji wa kale barani Ulaya. Miaka thelathini baadaye Novembre na Stephens (2008) wakaonyesha kwamba mawimbi ya namna hiyo hujitokeza yenyewe popote mfanano unapopungua kwa umbali, hata kama hakuna aliyehama. Uhamiaji wenyewe huenda ulikuwepo. Mchoro ndio usioweza kuwa shahidi wake pekee.

4.0 Mbiru na fahirisi ya utajiri

Katika uchumi mbinu hii imepata kazi kubwa tangu Filmer na Pritchett (2001) wapendekeze kupima hali ya kaya kwa mali ilizo nazo pale ambapo mapato hayajulikani. Tafiti za kitaifa za idadi ya watu na afya nchini Tanzania hufanya hivyo: huuliza juu ya sakafu, paa, maji ya kunywa, umeme, redio, baiskeli, mifugo, kisha hukokotoa kijenzi cha kwanza na kukiita fahirisi ya utajiri. Kaya za nchi nzima hupangwa katika mafungu matano kuanzia maskini zaidi.

Mwanaisimu atauliza: kwa nini “utajiri”? Vitu vingi katika orodha hiyo hufuata nguzo za umeme na barabara, hivyo mhimili unaopatikana unaweza kuwa zaidi mhimili wa mji na shamba. Wachumi wenyewe wameliona tatizo hilo, na hesabu za baadaye hukokotoa mji na shamba mbali mbali kabla ya kuziunganisha. Lakini Same ina mgawanyiko ambao marekebisho hayo hayaugusi. Mji wa Same uko tambarare, pakavu, kando ya barabara kuu. Juu yake milima hupanda hadi kilele cha Shengena, mita 2,462, penye mvua na misitu. Kaya ya Mamba inayolima tangawizi mteremkoni na kaya ya mfugaji wa tambarare zote ni za shamba, na utajiri wao haufanani kwa aina. Isitoshe, milimani kuna ndiva, bwawa la jadi linalokusanya maji usiku ili yamwagilie mchana kwa zamu. Kuwa na zamu katika ndiva ni mali ambayo mkulima anaweza kuithamini kuliko redio. Zamu hiyo haina safu wima katika dodoso la kitaifa.

Upare ina sababu yake ya kulitazama suala hili kwa makini. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilianzisha hapo kodi iliyopandishwa kwa kadiri ya mali ya kila mtu, badala ya kiwango kimoja kwa wote, na kodi hiyo ikaitwa mbiru, jina la ushuru wa watawala wa jadi. Wananchi walipinga namna watu walivyokadiriwa. Mwaka 1945 maelfu waliteremka hadi Same, makao makuu ya wilaya, wakapiga kambi. Mwaka 1946 wanawake wa Usangi nao waliandamana. Hatimaye kodi iliondolewa. Kimambo ameiandika habari hii kwa kirefu, nasi hatuna la kuongeza ila moja, la kisemantiki: jina la kale lilivikwa kipimo kipya ili kipimo kionekane kuwa kimekuwepo siku zote. Hatusemi kwamba fahirisi ya utafiti wa afya ni sawa na kodi ya mkoloni. Hakuna anayetozwa kwa sababu yake. Hata hivyo mafungu hayo matano huingia katika mipango na katika hoja za nani asaidiwe kwanza, na mkazi wa Vudee ana haki ile ile ya kuuliza amekadiriwa kwa vitu gani.

5.0 Makaburi ya pwani

Wasomaji wa jarida hili watakuwa wameguswa zaidi na utafiti uliochapishwa mwaka 2023 kuhusu vinasaba vya watu 80 waliozikwa kati ya takriban mwaka 1250 na 1800, wengi wao katika miji ya Waswahili ya pwani, pamoja na kundi la bara kutoka Makwasinyi, Kenya. Ndani yake umo mchoro wa vijenzi vikuu: mihimili ilikokotolewa kwa watu wanaoishi leo, kisha wafu wakawekwa juu yake. Watu wengi wa miji ya pwani walionekana kati ya Waafrika na watu wa Asia ya Magharibi, na hesabu nyingine zikaonyesha mchanganyiko ulioanza kufikia takriban mwaka 1000, ambapo upande wa Asia, hasa Uajemi, uliingia zaidi kupitia wanaume na upande wa Afrika zaidi kupitia wanawake.

Haukupita muda kabla watu hawajaanza kusema kwamba “asili ya Waswahili” imethibitishwa. Ni kweli kwamba mhimili ule unapima asili, lakini ni asili ya miili, na wengi wa waliopimwa walizikwa katika makaburi ya watu wenye hadhi. Hauna safu wima hata moja ya lugha. Uainishaji wa Kiswahili katika kundi la Sabaki, kama walivyoueleza Nurse na Hinnebusch (1993), unasimama juu ya mabadiliko ya sauti na mofolojia, na mchoro wa vinasaba hauwezi kuusogeza mbele wala nyuma. Mtoto anaweza kurithi vinasaba vya baba na lugha ya mama. Wambugu nao wanatukumbusha kwamba hata lugha moja inaweza kuwa na nasaba mbili.

6.0 Kazi iliyosalia Upare

Tunayo misamiati iliyochapishwa, mathalani ule wa Kagaya wa Chasu (1989), na Atlasi ya Lugha za Tanzania (2009) inaonyesha mtandazo wa lugha hizi kwa ujumla. Ambalo bado halijakamilika ni jedwali la kijiji kwa kijiji, lenye safu wima zilizotengwa tangu mwanzo katika mafungu matatu: msamiati wa msingi, msamiati wa utamaduni, na maumbo ya sarufi. Kila fungu likokotolewe peke yake kabla ya yote kuunganishwa, na tasnifu ichapishe mchango wa kila kigeu katika kijenzi chenye jina, sio mchoro pekee. Kazi ianzie Ugweno. Wagweno wengi sasa hutumia Chasu na Kiswahili katika shughuli zao, na wazee wanaoweza kujibu dodoso lote kwa Kigweno ndio watakaoamua kama lugha hiyo itakuwa na safu mlalo yake katika jedwali au itaandikwa kama pengo.