SOMO: Ada Peke Yake Haitoshi

Nchini Marekani, mwenye shahada ya fani nyingine anaweza kupata shahada ya uuguzi kwa njia ya haraka, kwa kawaida miezi 11 hadi 18. Kabla ya kuomba nafasi, vyuo vingi humtaka awe amefaulu masomo kama anatomia, fiziolojia na mikrobiolojia. Akishaanza, darasa na mazoezi ya wodini humwachia muda mchache sana wa kufanya kazi ya mshahara. Mwishoni kuna mtihani wa leseni, NCLEX-RN.

Ndugu wanakamati na wafadhili, mwanafunzi aliyelipiwa ada anaweza kukwama kwa kodi ya nyumba na chakula. Pangeni bajeti ya miezi yote kabla hajaacha kazi.

Tujadiliane: Je, tunamlipia aanze, au tunamsaidia amalize?