Kutupa Mpira Kikapuni

Mwezi wa Desemba 1891, katika mji wa Springfield, nchi ya Marekani, mwalimu mmjoa jina lake James Naismith alikuwa mashakani. Baridi ilikuwa kali, wanafunzi wake 18 hawakuweza kucheza nje, na kila walipocheza ndani waliumizana. Mkubwa wake alikuwa amempa siku 14 tu atafute mchezo mpya.

Akakumbuka mchezo wa utoto wake huko Kanada. Watoto waliweka jiwe dogo juu ya jiwe kubwa, wakalilenga kwa mawe. Aliyetupa kwa nguvu akikosa, jiwe lake lilikwenda mbali. Aliyelirusha juu taratibu alilenga vema zaidi. Basi Naismith akagongomea vikapu viwili vya matunda, futi 10 kutoka chini, midomo yake ikielekea juu, ili nguvu zisifae kitu. Kimo hicho hakijabadilika mpaka leo.

Duara ya kikapu ina upana wa inchi 18, na mpira una upana wa inchi 9 na nusu hivi. Mpira ushukao kutoka juu huikuta duara iko wazi, nafasi tele. Bali mpira uendao kama mshale huikuta nyembamba kama ukingo wa sahani. Hugonga chuma ukarudi.

Kwa hiyo mwenye kutupa na asimame, miguu yake imeachana kadiri ya mabega, magoti yamekunjwa kidogo. Mkono wa kutupia uwe chini ya mpira, nao mpira ukae juu ya vidole, usilale kiganjani. Mkono wa pili uutegemeze ubavuni tu. Kiwiko kielekee kikapu, na macho yatazame duara. Kisha anyoshe magoti na mkono pamoja, aurushe mpira juu kwa ncha za vidole, na kiganja kiiname mbele kama cha mtu atiaye mkono mtungini.

Aanze karibu, hatua tatu tu, ndipo arudi nyuma kidogo kidogo. Aanzaye mbali hutumia nguvu, na nguvu huharibu shabaha.

Naye akosaye asikate tamaa. Siku ile ya kwanza huko Springfield, vijana 18 walicheza mchezo mzima, na mpira uliingia kikapuni mara moja tu.